Pole Niliyoitoa Mto Mosel

Sikwenda Ujerumani kula raha. Nilikwenda kwa sababu ya jambo nililolisikia tukipura maharagwe. Ilikuwa mwezi wa saba, nyumbani Ndalu, mimi na mama mkwe wangu, naye akasema tu, huku anapepeta, ati Wekesa anaongeza miaka miwili kwenye meli. Wekesa ni mume wangu. Ni mpishi kwenye meli inayotembeza watalii mtoni. Aliondoka Nafula wetu akiwa na miezi minne, na sasa Nafula ana miaka mitatu. Mimi alikuwa ameniambia anarudi Desemba. Ukweli alimwambia mamake. Niliweka fimbo chini nikaenda kukaa nyuma ya choo, maana ningebaki pale ningetoa maneno ambayo hayatolewi mbele ya mama mkwe.

Wiki hiyohiyo akanipigia simu amejaa furaha. Mwisho wa msimu kila mfanyakazi anaruhusiwa kuleta mtu mmoja wa familia apande meli bure. Njoo uone dunia, akasema. Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia ninakuja kuuliza nini.

Nairobi, kwenye ofisi ya viza, kijana wa dirishani aliniuliza nitaonyesha vipi kwamba nitarudi Kenya. Nikamjibu, "Nina mtoto wa miaka mitatu Ndalu. Mwenye anafaa kuulizwa hilo swali ako kwa meli yenu." Alinitazama kidogo, akapiga muhuri karatasi nyingine. Baada ya wiki tatu viza ikatoka. Nafula nilimwacha na nyanya yake, nikapanda ndege.

Koblenz ndiko tulikopandia meli, mahali mto Mosel unapoingia kwenye mto mkubwa wa Rhine. Wekesa alinipokea kwenye ngazi akiwa na aproni nyeupe. Amenenepa. Alitaka kunikumbatia, nikampa mkono. Chumba nilichopewa kiko chini kabisa na dirisha lake limelingana na maji, hivi kwamba asubuhi nikifungua pazia naona miguu ya bata ikipiga maji. Abiria wengi ni wazee waliostaafu, na wanakula mara nne kwa siku. Kwenye droo ya Wekesa niliona fomu ya mkataba mpya, haijatiwa sahihi. Ilitakiwa ofisini tukifika Trier, mwisho wa safari. Nikamuuliza kama ataisaini.

"Mama Nafula, si utulie kwanza uone mto," akasema. "Tutaongea Trier."

Basi nikautazama mto, na siwezi kudanganya, ulinishangaza. Meli inapanda mlima. Inaingia kwenye chumba cha zege, mlango unafungwa nyuma, maji yanajazwa polepole mpaka inainuka, kisha mlango wa mbele unafunguliwa inaendelea, kama mtu anayepanda ngazi. Nilisimama nje kila mara nikihesabu vidato vya ngazi ya ukutani vikizama. Pande zote mbili kuna mizabibu, imepandwa kwenye miteremko ambayo kwetu Kapsokwony, nilikozaliwa, hatungefunga hata mbuzi. Wavunaji wanapanda kwa kigari kidogo kinachotambaa juu ya reli moja ya chuma, na zabibu zinashuka nacho. Nikafikiria mama yangu na viazi vyake mgongoni.

Cochem, siku ya pili, tulipanda hadi ngome iliyo kileleni, halafu tukaingizwa ghalani kuonja mvinyo. Watu wanavuta kidogo, wanazungusha mdomoni, wanatema kwenye ndoo. Mwenye ghala anaona na hakasiriki. Kwetu ukitema pombe ya mtu mbele yake, hamtaamkiana tena. Mimi nilimeza yangu yote kwa heshima, nikashuka mlima nimemshika bibi mmoja wa miaka themanini. Sijui ni nani alikuwa anamshikilia mwenzake.

Bernkastel tulifika siku ya tatu mchana. Mji wake una nyumba za mbao zilizopinda, nyingine imejengwa nyembamba chini na pana juu, mpaka unaogopa kupita mbele yake. Wekesa alikuwa na mapumziko ya saa mbili, tukatembea kando ya mto hadi kijiji cha pili. Hapo ndipo nilipoona lango limefungiwa matawi mabichi juu, na uani watu wamekaa kwenye mabenchi.

Nikavua kofia. Kwetu ukiona matawi langoni na watu wamekaa uani, hayo ni matanga, na matanga hayapitwi. Wekesa alikuwa nyuma akizungumza kwa simu. Nikaingia, nikawapa mkono watu wote mmoja mmoja bila kucheka, nikafika kwa mama mzee aliyekuwa mlangoni na aproni, nikamshika mikono yote miwili nikamwambia pole sana, Mungu akupe nguvu. Halafu nikakaa kimya, kama inavyotakiwa.

Wekesa aliingia mbio amekunja uso. "Haki umefanya nini? Hii si matanga, bana. Matawi ni alama ya nyumba inauza mvinyo mpya. Wamekuja kunywa."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini yule mama, jina lake Hilde, alimuuliza nilisema nini, na Wekesa, kwa aibu, akamweleza. Mama Hilde hakucheka. Akakaa kando yangu. Akasema mumewe alikufa kabla ya mizabibu kuchanua, watu wa kijiji wakaleta kadi na maua, kisha kila mtu akarudi kazini kwake. Hakuna aliyekuja kukaa.

Nikauliza kama ana watoto. Ako na mvulana mmoja, yuko mji wa mbali. Nikamwambia Wekesa amuulize kijana atarudi lini kumsaidia na mizabibu ya mlima huu wote. Wekesa aliuliza. Mama Hilde akajibu maneno machache, akipangusa meza ambayo ilikuwa safi.

"Amesema nini?" nikauliza.

Wekesa akatazama mto. Nikauliza tena.

"Amesema," akaanza, akakohoa. "Amesema kila mwaka kijana anamwambia ni mwaka ujao."

Mama Hilde alituletea mkate na mvinyo mpya wenye rangi kama ya maji ya mchele, akakataa malipo. Tulipoondoka alinishika mikono yote miwili, vile nilivyomshika.

Trier ndio mji wa mwisho. Kuna lango jeusi la mawe lililojengwa na Warumi, na watalii wote walienda kulipiga picha. Mimi nilibaki kwenye ngazi ya meli na swali langu. Sikulihitaji. Wekesa alitoka jikoni na koti lake la baridi, lile zito lenye manyoya ya shingo, ambalo alikuwa amelinunua mwaka wa kwanza alipokaribia kuganda.

"Beba hii kwa sanduku lako," akasema. "Desemba nikirudi itanilemea." Fomu alikuwa ameirudisha ofisini tupu, vile ilivyokuja.

Nyumbani Ndalu mama mkwe alilipima koti kwa mikono, akauliza litafanya kazi gani huku. Nikamwambia litamngoja mwenyewe. Nililitundika kwenye msumari sebuleni, na Nafula kila akipita anashika manyoya.

Nilijifunza mengi: jinsi meli inavyopanda ngazi, na kwamba kuna watu wanatema pombe bila ugomvi. Tena nilijifunza kwamba lango lenye matawi ni la kuingia, hata ukikosea. Mambo yaliyo ndani huyajui ukiwa barabarani. Hasira yangu kwa Wekesa haijaisha, wala sijamsamehe kuhusu yale maharagwe. Akifika, kabla kuku hajachinjwa, kuna maneno atayasikia. Lakini atayasikia hapa, akiwa kwenye kiti chake.