Njia ya Shamba la Mabbutt

Enid Gathercole ni mtu wa kuomba radhi kabla hajakosa. Akija kunirudishia ngazi yangu husimama nje ya geti, mvua ikimnyeshea, akaita, "Samahani, ni mimi tu!" mpaka nitoke. Majirani humcheka. Mimi sijaona la kucheka, maana hapa Wickmoor watu wanaobisha hodi wanazidi kupungua.

Kitongoji chetu si kijiji tena, na bado hakijawa mji. Duka limegeuzwa nyumba ya kuishi, na mwenye nyumba ameacha kibao cha zamani juu ya mlango kwa kuwa kinapendeza. Basi la Alhamisi liliondolewa kwa kukosa abiria. Wengi waliohamia hapa walifuata hewa safi na mashamba, kisha kila asubuhi hujifungia ndani ya magari yao na kuviacha vyote viwili nyuma.

Enid hana gari. Aliyekuwa akiendesha ni mumewe Desmond, mwashi, hadi kiharusi kilipompiga akapelekwa nyumba ya wazee iliyo ng'ambo ya shamba la malisho la Mabbutt. Kwa njia ya miguu inayokatiza shamba hilo ni mwendo mfupi. Chai anayoimimina kwenye chupa jikoni kwake hufika ingali moto. Kwa barabara ni kuzunguka mbali, kwenye lami nyembamba iliyobanwa na nyua za miti pande zote mbili, isiyo na mahali pa mwenda kwa miguu, na magari yanapita kana kwamba yanakimbizwa. Na Desmond hakubali kulishwa chakula cha jioni na mtu mwingine. Wauguzi wamejaribu. Hufumba mdomo akautazama mlango.

"Umechelewa," humwambia Enid, hata akifika mapema. "Umepata bwana mwingine?"

"Nimempata, ila hajui kupiga lipu."

Desmond hucheka kwa upande mmoja wa uso, kisha hufungua mdomo, naye humlisha.

Mzee Cyril Mabbutt alipofariki, shamba lilinunuliwa na Julian Prowse, mtu mwenye kampuni mjini na kondoo wa kujifurahisha. Mwanzoni hakumzuia mtu. Lakini majirani zangu wana tabia moja ambayo sijaielewa hadi leo. Mbwa akijisaidia, huokota kinyesi kwa adabu zote, wakakitia kwenye kifuko cha plastiki, wakakifunga vizuri, halafu wakakining'iniza kwenye tawi la ua wa miti kama pambo la Krismasi, eti watakichukua wakirudi. Hawakichukui. Prowse aliondoa vifuko hivyo kwa mikono yake zaidi ya mara moja. Kisha mbwa mmoja aliyefunguliwa akamrarua kondoo mwenye mimba, na hakuna aliyejitokeza kusema ni mbwa wake. Wiki ile ile Prowse akafunga geti kwa kufuli.

Hapo ndipo kila mtu akaanza kuipenda njia. Mabango yakabandikwa madirishani. Watu ambao hawakuikanyaga isipokuwa Jumapili za kiangazi, jua likiwaka, wakaanza kuiita urithi wao.

Glenys Oakden, mwalimu mkuu mstaafu, akaunda kamati. Sheria ilikuwa upande wao, alisema. Watu wakipita mahali waziwazi kwa miaka ishirini, bila kukatazwa na bila kuomba, pale panakuwa njia ya umma na mwenye shamba hana la kusema. Afisa wa halmashauri angekuja kusikiliza mashahidi. Shida ikawa mashahidi wenyewe. Wengi walikuwa wageni, au walipita mara moja moja. Aliyeitumia mwaka mzima, masika na theluji, tangu enzi alipokuwa mpishi wa shule iliyokuwa upande wa pili, alikuwa Enid.

Siku Glenys alipokwenda kumwona, nilikuwa jikoni kwa Enid nikitengeneza bomba.

"Enid, kipenzi, wewe ndiye nguzo yetu," Glenys alisema. "Huna haja ya hotuba. Sema tu kwamba ulipita kila siku."

"Nilipita, ndiyo. Mzee Mabbutt hakuwa na neno. Kila Krismasi nilimpelekea keki ya matunda, nikamuuliza kama bado hajali nikipita mwaka unaokuja. Akawa ananiambia, 'Pita tu, binti, mradi keki isikome. Waambie na wenzako wapite, ila wasiniachie ng'ombe watoke.' Nami nikawaambia."

Glenys aliweka kikombe chini. "Ulimwomba ruhusa?"

"Si shamba lake?"

"Enid! Anayeomba ruhusa ni mgeni. Mgeni hajengi haki, hata apite miaka mia! Na umetuombea sote! Ungepita zako kimya kimya tungekuwa tumeshinda."

"Kupita kwa mtu bila kumwambia?" Enid aliuliza, kama aliyeambiwa akaoge sokoni.

"Sikiliza. Ulipeleka keki kwa sababu ilikuwa Krismasi. Hayo mengine usiyataje."

"Wakiniuliza?"

"Wakikuuliza umesahau. Wewe ni mtu mzima, nani atakulaumu? Mfikirie Desmond."

"Usiniambie nimfikirie Desmond," Enid akasema taratibu. "Nimfikirie nani mwingine?"

Glenys aliniangalia mimi, akitaka nimsaidie. Niliendelea na bomba. Mwanamke huyu aliwahi kuwaadhibu watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Siku ya kusikilizwa, ukumbi wa kijiji ulijaa. Kulikuwa na chai na biskuti, kama kawaida yetu hata tukiwa tumekuja kugombana. Afisa alikuwa mama mwenye mafua, mpole, asiyeacha jambo juu juu. Prowse alikaa mbele peke yake. Viti vya kando yake vilibaki vitupu. Bwana mmoja aliyehamia hapa juzi juzi alisema watu walipita "tangu zamani", na alipoulizwa amejuaje, akasema inajulikana. Glenys alizungumza vizuri, akapigiwa makofi. Kisha akaitwa Enid.

Aliulizwa kuhusu miaka, majira, na geti lilivyokuwa. Akajibu yote.

"Bibi Gathercole, uliwahi kumwomba mwenye shamba ruhusa ya kupita?"

Enid alikuwa amepakata mkoba wenye chupa ya chai ya Desmond, nikaona vidole vyake vinaubana. Alijua akisema hapana geti litafunguliwa, naye atapita pale maisha yake yote.

"Kila Krismasi, nikimpelekea keki," alisema. "Akaniruhusu, na akasema niwaambie wengine. Niliwaambia. Glenys, wewe nilikuambia mlangoni kwako."

"Bibi kichaa huyu," mtu akanong'ona nyuma yangu.

"Keki imetuzika," mwingine akadakia, na watu wakacheka kicheko kibaya.

Uamuzi ulipokuja, haukumshangaza mtu. Njia haikuwa ya umma, na kufuli likabaki.

Enid akaendelea kwenda kwa barabara, kama alivyofanya tangu geti lifungwe. Jioni nisizokuwa na zamu kazini nilimpeleka kwa gari. Siku nyingine zote alikwenda kwa miguu, amevaa koti la rangi ya kung'aa kama la wafanyakazi wa barabarani. Wale waliomtaka amfikirie Desmond walimpita wakiwa kwenye magari yenye viti vitupu, wakampungia mkono. Namtaja Glenys kwa jina kwa sababu nilimwona.

Jioni moja ya Novemba kioo cha pembeni cha gari kilimpiga begani, akaangukia mtaroni. Gari halikusimama. Alifika kwa Desmond amejaa matope, chupa imepasuka, chakula kimeshaondolewa mezani. Muuguzi aliniambia kwamba Desmond alimwangalia kwa muda mrefu, akaanza kulia bila sauti.

Prowse alisikia. Alikuja mwenyewe, akabisha hodi, akamnyooshea Enid ufunguo.

"Ni wako peke yako. Ninachoomba ni kitu kimoja: ufunge nyuma yako, na usimpitishe mtu."

"Na majirani zangu?"

"Majirani zako niliwasikia pale ukumbini, Bibi Gathercole."

"Watasema umeninunua."

"Watasema. Lakini barabara ile itakuua."

Hakuupokea siku hiyo. Aliupokea siku iliyofuata, baada ya kumkuta Desmond amekataa hata uji.

Majirani walisema, kama Enid alivyotabiri. "Sasa tumejua kwa nini alitoa ushahidi vile," walisema. Nje ya kanisa niliwauliza kama kuna aliye tayari kumpeleka Enid kwa mumewe kila jioni, ajitokeze, nami nitakwenda mwenyewe kumrudishia Prowse ufunguo. Watu wakakumbuka kwamba nyama zao ziko kwenye oveni.

Bustani yangu inatazamana na geti lile. Wiki iliyopita nilikuwa nafagia majani, nikamwona Enid ameshaingia anataka kufunga, na Glenys anakuja na mbwa wake.

"Enid. Niachie kidogo. Nampeleka huyu mpaka kijitoni na kurudi. Hakuna anayeona."

"Nimeahidi, Glenys."

"Umemwahidi yeye! Sisi tumeishi na wewe miaka mingapi?"

"Ingia kwangu unywe chai nikirudi."

"Chai yako sitaki."

Enid akatia ufunguo, lakini haukukubali kuzunguka. Ilibidi aukazanie, huku Glenys amesimama upande wa pili wa vyuma, karibu kiasi cha kugusana naye, anatazama bila kumsaidia. Mwishowe kufuli likashika. Glenys akamvuta mbwa na kuondoka. Enid alibaki pale mpaka walipopotea kwenye kona, kisha akainua mkoba wake, akaanza kukatiza shamba haraka haraka, maana saa ya chakula ilikuwa imekaribia.