Siku Kumi Bila Duka

Mke wangu alichoka kuwa mke wa duka. Nauza viatu vya plastiki Kariakoo mwaka wa thelathini sasa, na sijawahi kufunga ila kwa sikukuu na misiba, tena misiba ya karibu. Binti yetu Nasra alipotutumia picha za jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, mama yake aliitazama simu muda mrefu. "Baba Nasra," akasema, "nipe siku kumi uwe mume wangu. Usiuze hata uzi." Nikaapa.

Mtaa wa Gerezani, kwa mafundi wa magari, wiki tatu baadaye. Fundi alikuwa ameigeuza Kosta yangu kuukuu, basi dogo la abiria, ikawa nyumba: kitanda, jiko la gesi, sinki, na matangi mawili ya maji yenye midomo mipana. Mafundi wenzake waliizunguka wakicheka, mmoja akauliza kodi inalipwa kwa nani. Mimi nilikuwa nalitazama tangi la pili. Mfanyabiashara wa Kariakoo akiona nafasi tupu ndani ya gari, mwili humuwasha. Gari haliendi mbali bila mzigo. Ndivyo alivyonifundisha marehemu baba. Asubuhi ya kuondoka, Mama Nasra akiwa anaaga majirani, nikalijaza tangi lile kandambili mpaka mfuniko ukagoma, nikaukalia ukafunga.

Namanga, siku ya pili. Ofisa wa mpakani alibonyeza godoro, akauliza tumebeba nini. Mama Nasra akamjibu kwa fahari kwamba tumebeba maji tu, na kwamba mumewe yuko likizo. Nilikohoa sana.

Siku ya nne, barabara ya kwenda Marsabit. Lami safi, upepo wa moto, ngamia pembeni. Mama Nasra alitazama milima. Mimi nilitazama miguu ya watu.

Chalbi, siku ya tano, saa saba mchana. Ardhi nyeupe mpaka macho yanauma, na Kosta imezama mchangani. Tulichimba kwa sufuria huku tukinywa, hadi maji ya tangi la kwanza yakaisha. Akasema nifungue la pili. Nikamwambia ni vizuri kuweka akiba. Akalifungua mwenyewe.

Alitoa kandambili moja ya kijani, akaigeuza huku na huku. Hakunigombeza. Alikwenda kukaa kivulini, akanipa mgongo, na hapo ndipo nilipoogopa. Kiu ningeivumilia.

Baada ya kama saa moja akatokea mchungaji mmoja, Galgalo, na ngamia wawili waliobeba madumu. Akatushushia dumu zima. Kwa mazoea nikauliza bei.

"Mzee, huku msafiri hauziwi maji," akasema.

Niliona aibu kwelikweli. Nikamwambia achukue kandambili zote, bure, neno ambalo sijawahi kulitamka dukani. Galgalo akaipinda moja, akaukagua unyayo wake, akanirudishia kwa adabu. Yeye alivaa za tairi. Miiba ya kwao, alieleza, ingezitoboa hizi kabla hajafika nyumbani. Nimeuvusha mzigo mpaka, nimemtia mke wangu kiu, na hata bure hautakiwi. Nyuma yangu Mama Nasra akaangua kicheko.

Nikaona hapo ndipo pa kuombea msamaha. Nikachemsha chai kwa mkono wangu, nikatia vijiko vitatu vya sukari kama anavyopenda, nikampelekea. Akaonja, akaiweka chini.

"Sukari niliacha mwaka ule Nasra alipoolewa," akasema.

Nasra ana watoto watatu, na mkubwa yuko darasa la pili. Galgalo alipomaliza kutusaidia kulikwamua gari, nikaanza kumuuliza mke wangu maswali, na niliuliza njia nzima mpaka Dar. Nikajua anaogopa radi. Nikajua vitenge ninavyomletea kila Idi humpa dada yake.

Siku hizi saa kumi jioni nafunga duka, jirani zangu wakidhani naumwa. Nakwenda nyumbani kunywa naye chai. Haina sukari, na ladha yake ni mbaya. Naimaliza yote, kisha naomba nyingine ili asiondoke mezani.