Sukari Ilipolala

Nakumbuka siku ile, mwanangu, ukungu umekaa juu ya mashamba ya Ntalikwa, nami nimesimama barabarani nikitazama watu wanaopita kama vivuli. Jua likachomoza. Wenzangu wakaona vizuri. Kwangu mimi ukungu ukabaki machoni.

Nilikuwa mama wa makamo, nikiuza asali mjini Tabora na mume wangu, Saidi. Kiu haikuniacha. Hospitali wakanipima, wakasema nina kisukari, wakanipa dawa. Sasa, mama yangu mzazi alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo. Nikarudi nyumbani, nikajifunika shuka, nikawa nasubiri zamu yangu.

Shangazi Nyamizi, dada wa baba, akaja kunijulia hali.

"Shikamoo, shangazi," nikasema bila kuinuka.

"Marahaba. Ugonjwa umeurithi kwa mama yako. Na kitanda pia umekirithi? Inuka, twende tukamuulize daktari kama kuna njia."

Njia ilikuwapo. Daktari alisema, "Umewahi. Wapo ambao wakipunguza mwili mapema, sukari hurudi kawaida hata bila dawa. Si wote. Lakini dawa usiache mpaka nikuambie mimi."

Basi nikaacha soda, chai ya sukari na maandazi. Ugali ukawa kidogo, mboga zikajaa sahani. Kigumu kuliko vyote kilikuwa kupima asali ya wateja bila kulamba kidole! Kila alfajiri shangazi alinichukua tukatembea ile njia ya zamani, waliyopita wapagazi wakipeleka pembe za ndovu pwani. Alinisimulia habari zao polepole, na mimi, katikati ya vumbi na harufu ya miti ya miombo, nilihisi kama miguu yao inatembea mbele yetu, na uchovu nikausahau. Ukungu wa machoni uliondoka siku zilezile. Sikumbuki hata lini.

Nguo zikanipwaya. Sokoni wakaanza kunong'ona: "Mbona anakwisha?" Kwenye harusi ya mpwa wa Saidi, wifi yangu akaniletea sinia la pilau na halua. Nilipokataa, machozi yakamlengalenga.

"Unakikataa chakula cha mkono wangu?"

Saidi akalisogeza lile sinia taratibu. "Dada, tupatie nyama kidogo na kachumbari, mimi na yeye. Nataka kuzeeka na huyu."

Ikapita miezi mingi. Daktari akapunguza dawa, kisha siku moja akazisimamisha kabisa.

"Nimepona?" nikamuuliza.

"Sukari imelala," akasema. "Ukirudia ya zamani, itaamka. Uwe unakuja kupimwa."

Nje ya hospitali shangazi alinishika mkono, tukasimama tu, watu wakitupita.

Mpaka leo imelala, na bado napimwa. Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: kapime mapema, usingoje kuumwa. Maradhi ya mzazi wako yasikulaze chini kabla hujajaribu. Na ukihitaji dawa maisha yako yote, meza bila aibu, hujashindwa. Na mwenzako akianza safari hii, usimwache ale peke yake.

Mwenyezi Mungu akupe uzee wenye afya, na mtu wa kula naye sahani moja.