Vita vya Bwana Gaudens

Katika duka la Bwana Gaudens, Mtaa wa Msimbazi, ilitundikwa kalenda aliyopewa bure na Mansukhlal, mfanyabiashara wa jumla wa Mchafukoge aliyekuwa akimuuzia mablanketi. Ilikuwa na picha ya mungu wa kike wa Kihindi ameketi juu ya ua. Gaudens, Mkatoliki wa Kibosho, alimfunika mungu yule kwa karatasi ya kufungia sukari akaziacha tarehe wazi, kwa kuwa tarehe ndizo alizoziabudu.

Mteja aliyekuja kutafuta blanketi alielezwa kwanza leo ni ukumbusho wa jambo gani: reli ilifika Kigoma, mfalme fulani alizaliwa, mji fulani wa Ulaya ulitekwa. Elimu hiyo aliiokota katika magazeti ya kufungia bidhaa. Mteja aliyeuliza bei kabla maelezo hayajaisha alihesabiwa kuwa mshenzi.

Siku aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Novemba 11. Gaudens alidai kwamba katika vita vya kwanza vya dunia alikuwa mpagazi wa Waingereza, na kwamba alikuwa karibu na Kasama, Rhodesia ya Kaskazini, mzigo kichwani, baragumu lilipolia saa tano kamili asubuhi na vita vikaisha. Alitua mzigo, alisema, akalia. Kwa ushahidi alivaa nishani moja aliyoinunua mnadani. Mkewe, Clotilda, alijua kwamba miaka yote ya vita mumewe alikuwa Kibosho, akikata majani ya ndama wa mjomba wake. Alinyamaza, kama wanavyonyamaza wake wa watu wakubwa.

Kariakoo ilikuwa na wapagazi wa kweli. Mtaa wenyewe ulipata jina kutokana na kambi yao. Lakini wengi wao hawakujua kusoma, naye Gaudens alijua. Basi walipoanzisha umoja wao mdogo alijifanya katibu, kisha mwenyekiti, kisha vyote viwili. Kila mwaka, wakubwa wa Serikali walipomaliza sherehe yao kwenye Sanamu ya Askari, ambayo wazee bado waliiita Bismini, jina la sanamu ya Mjerumani iliyokuwa pale kwanza, Gaudens alisogea mbele na karatasi yake, akasoma majina ya wapagazi waliokufa. Jioni ya kuamkia siku hiyo aliwapikia wazee pilau. Pilau ile ilikuwa tamu, na mtu hamuulizi mwenye sufuria alipigana wapi.

Mwaka 1951 alijiunga na umoja mzee Nassibu, msusi wa matenga ya nyanya pale sokoni. Haja yake ilikuwa moja. Kaka yake, Sadalla, alikufa walipokuwa pamoja upagazini, akaachwa kando ya njia bila kaburi. Nassibu alitaka jina lake litajwe mara moja tu mbele ya watu kabla yeye mwenyewe hajafa. Jumamosi, Novemba 10, wazee walipokusanyika uani kwa Gaudens, alimkabidhi mwenyekiti karatasi kuukuu ya karani wa kikosi. Gaudens alivaa miwani, akaisoma, akaikunja.

Akaeleza kwa upole wa mwalimu anayemrudisha mtoto darasa la nyuma kwamba jina hilo halingeweza kusomwa. Karatasi ilisema Sadalla alikufa Novemba 12. Vita vilikwisha Novemba 11. Kwa hiyo marehemu hakufa vitani. Alikufa wakati wa amani, kama afavyo mtu yeyote, na umoja haukuwa na orodha ya watu waliokufa wakati wa amani.

Nassibu aliuliza iwapo risasi iliyompata Sadalla, gunia la mchele likiwa kichwani, nayo ilikuwa ya amani.

"Sheria ni sheria, mzee wangu," Gaudens akasema. "Tarehe haibembelezwi."

Wazee wengine waliangalia sufuria. Watatu kati yao walikuwa wametembea njia ileile ya Kasama.

"Haya, Bwana Mwenyekiti," akasema Nassibu. "Hilo baragumu la saa tano ulilisikia wewe mwenyewe?"

"Kwa masikio haya."

"Karibu na Kasama?"

"Karibu kabisa."

"Basi ungetuita na sisi. Maana tulikuwa hapohapo, na kesho yake tulikuwa bado tunapigwa risasi. Wazungu wenyewe hawakuwa na habari. Ilichukua siku mbili tatu kutufikia kwamba vita vimekwisha huko kwao. Wewe mwenzetu ulikwisha pumzika, unalia."

Mmoja wa wale watatu alianza kucheka, mwingine akafuata, hata kicheko kikaenea ua mzima. Wazee waliokula pilau ya uongo kwa miaka minne waligundua ghafla kwamba siku zote walikuwa wakijua. Gaudens alisema kuna mteja dukani. Duka lilikuwa limefungwa tangu alasiri. Wageni walikula wakamaliza, na Clotilda akawapa ukoko pia.

Kesho yake, saa tano, wapagazi walisimama mbele ya Bismini bila mwenyekiti. Clotilda alikuwa amekuja kusema kwamba mumewe ana malaria. Karatasi ya majina ilikuwa mfukoni mwa koti la mgonjwa, na mgonjwa alikuwa amelala nalo. Wazee walitazamana. Nassibu akavua kofia, akapiga hatua mbili mbele.

"Sadalla bin Mwinyimkuu," akasema.

Alingoja kidogo, kana kwamba mwingine angeongeza jina. Hapana aliyeongeza. Walizoea kusomewa wafu wao, na kila mmoja alikuwa akimngoja jirani yake aanze. Hivyo mwaka ule, kati ya watu wote waliokufa chini ya mizigo ya wenyewe, aliyetajwa pale na wenzake ni yule mmoja aliyekufa wakati wa amani.

Gaudens alipona Jumatatu, akafungua duka, akamweleza mteja wa kwanza jambo lililotokea Ufaransa tarehe kama ile. Nishani hakuivaa tena. Tangu hapo malaria yake imekuwa na adabu ya kalenda: humshika Novemba 10 jioni, humwachia Novemba 12 asubuhi, na daktari haitwi.