Mstari wa Mapigo Matatu

Wanafunzi walimwita Rula, na wala hawakumsingizia. Kwa miaka ishirini na tisa alifundisha tamthilia na mashairi ya kale ya Kiingereza, yale ambamo wafalme huchinjwa usingizini na ndugu hutiliana sumu, na kila darasa aliloingia rula yake nzito ya mbao ilitangulia. Mstari wa Waingereza wa zamani, alisema, una mapigo matano. Asiyeyasikia kwa sikio atayasikia kwa vifundo vya vidole. Ukisahau mstari, unanyoosha mkono, naye anaukariri polepole huku akikuchapa pigo kwa pigo, tano kamili. Mwaka juzi kijana mmoja mrefu kama nguzo alijikojolea kwenye pigo la nne. Rula akampiga la tano, kisha akamtuma akalete dekio.

Usidhani alizaliwa katili. Sikio lake la kushoto lilikufa akiwa na miaka kumi na saba, mwalimu wake alipomzaba kofi kwa kosa hilohilo la kusahau, damu ikadondokea kitabu. Kitabu hicho anacho hadi leo na doa lake la kahawia, na huwaonyesha wanafunzi jalada lake kwa mbali kama mtu anayeringia cheti. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," huwaambia. Mimi nasema methali nzuri ikiingia kichwa kibaya hugeuka rungu, lakini nani aliniuliza.

Mwaka huu binti yake mwenyewe akaingia darasani kwake. Mtoto wa pekee, na mashairi hayo aliyapenda kuliko baba. Tangu mdogo alikuwa akikichomoa kile kitabu rafuni baba akijilaza mchana, akisoma hadi maandishi ya penseli ya pembeni. Rula alimpenda mno, na kwa sababu hiyo aliogopa kusemwa kwamba anapendelea.

"Ukishavuka geti la shule mimi si baba yako," alimwambia. "Ni mwalimu."

"Sawa, Baba," akajibu, wakacheka wote wawili.

Mama mtu, fundi cherehani, hakucheka. "Huyo ukimuumiza," alisema, "utakuwa umenivua mtoto na mume siku moja."

Ikafika zamu ya binti kukariri. Alipewa maneno ya binti mfalme aliyemchoma kisu baba yake, sasa amesimama kando ya kitanda. Akakunja vidole kana kwamba vinanata, akashusha mistari kumi na minane bila kujikwaa. Akafika pale binti mfalme anapoinama kumfumba baba yake macho. Akasema nusu ya mstari, akanyamaza.

Rula akahisi darasa zima likimtazama, lione kama damu ni nzito kuliko maji. "Mkono," akasema.

"Sijasahau, Mwalimu."

"Mkono."

Akanyoosha wa kulia. La kwanza likatua. La pili likachana ngozi. La tatu likatoa mlio mkavu wa kijiti kinachovunjwa, na kidole cha kati kikalala upande.

"Mstari huu una mapigo matatu tu, Baba," binti akasema taratibu, machozi yakimlengalenga. "Mawili unanyamaza."

Neno hilo, Baba, mbele ya watu, ndilo lililompandisha mori. Akapiga la nne. Akapiga la tano palepale palipovunjika, na hapo binti akapiga yowe, na msichana wa dawati la mbele akatapika.

Rula akafungua kile kitabu chake cha zamani, alichozoea kuonyesha jalada tu, amkomeshe mbishi. Ukurasa ulikuwa uleule wenye doa. Mstari ulikuwa mfupi, mapigo matatu, na pembeni yake mwandiko wake mwenyewe wa ujana: "Hapa nilinyamaza. Sikusahau. Hesabu mbili, ndipo aendelee." Kumbe ndio mstari uliomtoa sikio. Alikuwa amenyamaza kwa haki, akapigwa kwa uonevu, na miaka yote hii alikumbuka kofi tu. Kwa aibu akamshika binti bega ampeleke zahanati. Binti alikwenda naye, ila bega alilitoa.

Kule zahanati muuguzi alimfunga kijiti na bandeji, baba mtu amekaa kwenye benchi na rula bado imechomoza mfukoni. Muuguzi akachukua fomu.

"Nani kakufanya hivi, mwanangu?"

Kimya. Rula alijikuta akihesabu moyoni, moja, mbili.

"Mwalimu wa mashairi."

Muuguzi akautupia jicho ule mfuko, akaandika. "Jina la mama?"

Akalitaja.

"La baba?"

"Andika mama tu."

Aliyasema kwa sauti ya chini, lakini Rula alikuwa amemgeuzia sikio lake zima.