Filamu Niliyoionyesha Ijumaa

Nimefundisha historia kwa miaka kumi na sita katika shule moja ya kutwa kwenye mteremko wa Kibuli, na tangu mwanzo nimeamini kwamba kijana wa miaka kumi na saba anaweza kutazama vita kwenye skrini darasani. Naamini hivyo hata leo. Ila mara ya kwanza nilipojaribu nilifanya vibaya, na aliyenionyesha nilipokosea alikuwa mzazi mmoja, mfua bati wa Namuwongo.

Filamu yenyewe ilihusu watoto waliotekwa na kutiwa jeshini. Kwenye jalada palikuwa na namba kumi na nane ndani ya duara jekundu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano walikuwa na miaka kumi na sita, kumi na saba. Ile namba haikunisumbua sana, maana nilijua wanakotoka. Huko mabondeni kuna vibanda vya video, vyumba vya mbao vyenye mabenchi na runinga kubwa, na mtu yeyote mwenye shilingi chache huingia akatazama chochote kinachoonyeshwa. Msimuliaji tunayemwita vijei huketi na kipaza sauti, akitafsiri kwa Kiganda. Vijei ni fundi wa maneno. Mtu akipigwa risasi yeye hutia mzaha, na kibanda kizima hucheka. Niliona heri watoto hawa wakione kifo mara moja bila mzaha, tena mahali penye mwalimu wa kumuuliza.

Nilichagua Ijumaa, vipindi vya mwisho, baada ya swala, kwa sababu saa hizo projekta ilikuwa haitumiki. Tukafunika madirisha kwa shuka za bweni la zamani. Alipouawa mtu wa kwanza, wavulana wa nyuma walicheka kwa mazoea. Hakuna aliyewaitikia, wakanyamaza. Ilipofika katikati, darasa la watu arobaini lilikuwa kimya hata nikawa nasikia feni ya projekta. Kengele ililia majina ya waigizaji yakianza kupanda kwenye skrini. Nikawaambia tutazungumza Jumatatu. Walichukua mikoba yao wakatoka bila kusukumana mlangoni, jambo ambalo sijawahi kuliona Ijumaa, nami nikaenda nyumbani nikijisifu.

Jumatatu, kabla ya kengele ya asubuhi, nilimkuta mwanamume mrefu mwenye mvi amesimama nje ya chumba cha walimu, mikono nyuma, mgongo umenyooka. Alikuwa baba wa msichana mmoja wa darasa langu, yule mpole anayekaa mbele karibu na dirisha. Nilimsalimu nikamwita Afande, kwani kusimama kwake kulitosha kusema ametoka wapi. Ni Mnubi. Babu yake alikuja na jeshi la wakoloni, baba yake akawa askari, naye pia. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, kisichojali ngeli. Changu ni cha nyumbani, kwa sababu ukoo wetu uliletwa mlima huu na biashara ya pwani. Tulielewana bila taabu.

"Madamu," alisema, "Jumamosi tunakula chakula ya mchana. Mtoto yangu ananiuliza, 'Baba, wewe ulishaua mtoto?' Nataka kujua nani alimpa hiyo swali."

Nikamwambia ni mimi.

Hakupandisha sauti. Alinieleza kwamba hakumjibu. Aliacha sahani yake, akatoka, akatembea kando ya reli mpaka alasiri. Kuhusu miaka yote aliyokaa jeshini, watoto wake hawajui zaidi ya habari za baridi ya usiku na maharage yasiyoiva. Sasa binti yake alikuwa hamtazami usoni.

Hoja zangu za vibanda na vijei zilinijia mdomoni, nikaona hazijibu alichouliza. Nikamwomba radhi kwamba swali lile lilimfikia mezani, mbele ya mkewe na watoto, bila yeye kujua linatoka wapi. Kwa filamu sikuomba radhi, na hilo pia nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumwona mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu wetu ni mama anayependa shule yenye utulivu. Siku hiyohiyo akatangaza kwamba filamu yoyote ya watu wazima ni marufuku darasani. Katika kikao cha walimu, mwalimu wa dini alimuunga mkono. Alisema wanaoweka zile namba wanajua kazi yao, na mwalimu wa historia hana haki ya kuzipuuza. Nilimjibu kwamba kuhusu namba namuunga mkono, na kwamba nilikosea kuipuuza. Lakini namba inaniambia nichukue tahadhari. Haijui kilichomo kichwani mwa mtoto fulani wala kinachoonyeshwa mtaani kwao. Kisha nikamwomba mwalimu mkuu jambo moja: mzazi yule aitazame filamu yote, halafu aseme maoni yake mbele ya mwalimu mkuu. Mzazi akiikataa, sitaligusa jambo hilo tena. Akakubali. Nadhani aliamini mzazi hatakuja.

Jumanne jioni nikateremka Namuwongo. Karakana ya Afande ilikuwa kibanda kisicho na ukuta wa mbele, na hapo alikata mapipa ya zamani na kuyafua yawe majiko ya mkaa, yale tunayoyaita sigiri. Aliniwekea kigoda, akaendelea kugonga huku mimi nikieleza, nami ikabidi nipaze sauti kuishinda nyundo. Nilipomaliza aligonga tena mara tatu nne, akageuza jiko, akalitazama chini. Alhamisi saa nane mchana, akasema, kama gari litakuwa halijaleta mapipa.

Alifika saa nane kasoro, amevaa shati lililopigwa pasi. Tulitazama katika chumba cha walimu, yeye, mimi na mwalimu mkuu, kwenye kompyuta yangu. Kisha ikafika sehemu ambapo mvulana wa miaka kama kumi anapewa bunduki kwa mara ya kwanza. Mvulana analia, muziki unapanda. Afande akainua kidole, akaniomba nisimamishe.

"Hapa wanadanganya," alisema. "Mtoto ukimpa bunduki siku ya kwanza, halii. Anafurahi. Anakuwa mkubwa. Hiyo ndiyo mbaya yenyewe."

Mwalimu mkuu alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka mezani. Nilikuwa nimefundisha mada ile mara nyingi, kwa vitabu na ramani, na hakuna kitabu kilichoniambia hivyo. Nikaendelea kuonyesha mpaka mwisho. Ilipokwisha, mwalimu mkuu alimuuliza kama shule iiondoe.

Picha si mbaya, alisema, na watoto wa kwao huona mbaya zaidi. Kisha akanigeukia mimi. "Madamu, makosa yako ni kengele. Kengele ililia, ukawaacha waende na hiyo kitu peke yao."

Nilikubali, maana ilikuwa kweli tupu. Siku mbili nzima watoto arobaini walikaa na maswali, kila mmoja akaenda kuyamwaga alipoweza, na mmoja wao akayamwaga kwa mtu aliyekuwa na jibu.

Darasa la pili la kidato cha tano lilikuwa bado halijaiona. Safari hii niliandika barua kwa wazazi, nikaeleza filamu ina nini, bila kuficha kuna damu na bila kuficha kwa nini naionyesha. Wazazi wawili walikataa. Watoto wao walikaa maktaba, wakasoma sura ya kitabu juu ya jambo lilelile, na sikumruhusu mtu yeyote awatanie. Tulianza asubuhi ya Jumanne, tukatenga vipindi viwili kabla ya chakula kwa mazungumzo tu. Afande nilimwomba akae nasi, akaja, akachukua kiti cha nyuma kabisa. Binti yake aliomba ruhusa ya kuhudhuria mara ya pili. Alikaa mbele, hakugeuka hata mara moja.

Filamu ilipokwisha tukaondoa shuka madirishani. Maswali yalianza polepole, kisha yakawa mengi. Msichana mmoja akauliza kwa nini yule mvulana alilia alipopewa bunduki, kwani angekuwa kaka yake mdogo angeruka kwa furaha. Nikamtazama Afande. Akasimama, mikono nyuma.

Akawaambia kwamba wakati wa vita, huko kaskazini mwa nchi, kikosi chake kilimkamata mtoto aliyekuwa upande wa waasi, mfupi kuliko bunduki aliyobeba. Walimnyang'anya, wakampa uji. Alipomaliza uji, mtoto akawaomba wamrudishie bunduki yake, kwa adabu, kama anayeomba mpira uliodondokea ua wa jirani. Usiku ule, Afande alisema, alilia yeye, mtu mzima. Mtoto alilala fofofo. Akaketi.

Msichana wa dirishani alikuja kwangu muhula ulipokuwa unaisha, akaniambia baba yake amemjibu lile swali la Jumamosi. Hakuniambia alimjibu nini. Sikumuuliza.

Marufuku iliondolewa, ikawekwa kanuni ninayoifuata mpaka sasa: mzazi mmoja aitazame kwanza, barua itoke, asiyetaka asilazimishwe, na filamu isionyeshwe kamwe siku inayotangulia mapumziko. Mwalimu wa dini bado haafiki, na tunabishana vizuri tu wakati wa chai. Mimi sina shaka. Kumfungia mlango kijana wa kidato cha tano ni kumpeleka kibandani akajifunze kucheka mahali pasipochekesha.

Lakini si kila filamu inapita. Muhula huu vijana waliniletea moja kwenye flashi, wakisema nayo ni historia. Niliitazama nyumbani na dada yangu. Watu walichinjwa kwa dakika nyingi, na sikuona hata mmoja aliyekuwa na mama wala kijiji. Nikawarudishia flashi yao, nikawaambia hapana, na sababu nikawaambia. Walinipinga kipindi kizima. Mmoja alisema mama huwa hayupo vitani. Mwingine akamwambia ndiyo maana inabidi mtu amtaje. Niliandika hoja za pande zote ubaoni, na mwalimu wa hesabu alipoingia kufundisha kipindi kilichofuata, ilibidi asubiri mlangoni nimalize kufuta.