Kifua cha Nathanael

Kila asubuhi, kabla hajasemezana na mtu, Nathanael alipasha mafuta ya kondoo kwenye kikombe cha bati, akayanywa kwa pumzi moja, kisha akajipigapiga kifua kama anayebisha hodi. Kwao Ngaramtoni mafuta hayo ndiyo dawa ya kifua.

Binti yake Naeku, aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, alimtazama kutoka mlangoni. Daktari wa mjini alikwishasema: mishipa ya moyo imeanza kuziba, na upasuaji wake gharama yake hawaiwezi. Kilichobaki ni vidonge, kuacha mafuta na kukaa mbali na moshi.

Moshi! Nathanael alikulia katika nyumba ambayo moto wake haukuzimika. Ujanani alichochea tanuru la kiwanda mjini, mpaka kiwanda kikauzwa na tajiri mpya akawarudisha wafanyakazi wote makwao. Tangu hapo anachoma nyama sokoni, yeye na mwanawe wa kwanza, Yiamat, wote wawili wameinamia makaa kutwa.

Jioni moja Naeku alijikaza, akamweleza alichosoma. Moshi wa miaka hauvunji vinasaba, zile chembe za urithi, ila huvuruga alama zinazoviwasha na kuvizima. Vile vinavyoamsha uvimbe mwilini vikishawaka, huenda visizimike tena, na mishipa ya moyo ikavimba kwa ndani.

"Yaani nimeacha tanuru, lakini tanuru halijaniacha?"

"Ndivyo, baba."

Mama yake alidakia kutoka jikoni, "Msomi wetu huyo! Leo mafuta, kesho atatuambia na maziwa ni sumu."

"Yeyo, mama yangu, nataka baba aishi tu."

Nathanael hakucheka. "Hizo alama, mtoto anazirithi?"

"Kwa binadamu bado hawana hakika, baba."

Akageuza uso, akatazama koti la Yiamat lililoning'inia ukutani.

Kesho yake hakugusa mafuta, na Naeku akaanza kupata tumaini. Lakini wiki zilivyopita baba alizidi kuisha. Kwenda zizini tu, alisimama njiani akashika mti, jasho likimtiririka kwenye baridi ya mlima Meru. Wakamrudisha mjini. Daktari alimpima, akamvuta Naeku pembeni.

"Mapigo haya ni ya mtu asiyemeza dawa."

"Anameza, daktari. Pakiti zinaisha mbele ya macho yangu."

"Basi muulize mwenyewe."

Walipofika nyumbani Naeku alingoja baba akae kwenye kigoda, akachuchumaa mbele yake na kushika mikono yake iliyobabuka kwa moto. Mengi yalimjaa moyoni. Akatoa swali moja tu.

"Baba, vidonge unavipeleka wapi?"

Nathanael alivuta pumzi kwa shida.

"Nampa Yiamat. Naye kifua kimeanza kumbana."